Vijiti Kutoka Ufaransa

Kijiti kilitoka dirishani, ghorofa ya juu, kikapinduka hewani mara mbili, kikaingia chubwi ndani ya kikombe cha kahawa cha Jaffar. Mtu mwengine angetukana. Jaffar alikitoa kwa vidole viwili, akakifuta kwa leso ya hariri ambayo, tuseme ukweli, haikuwa yake, akakiinua kwenye mwanga na kujiuliza lile swali alilojiuliza kila alipokutana na kitu chochote hapa duniani: nani atakinunua?

"Ni cha klarineti hicho," alisema Shariffa huku akigeuza mahamri karaini. "Hufungwa pale mdomoni mwa hilo zumari la kizungu, ndicho kinachotoa sauti. Huyo binamu yangu Abdulhalim, kijiti kikimkatalia mara moja tu, hukitupa. Kila siku vitatu, vinne. Hasara tupu! Mtu mwenye akili angevifanyia kitu."

Katika maneno yote hayo Jaffar alisikia mawili tu: hasara, na akili. Ya kwanza aliiona ni ya Abdulhalim, na ya pili ni yake.

Jaffar alijulikana kuanzia Mji wa Kale hadi Ganjoni. Ndiye aliyewakodisha watalii kivuli cha ukuta wa ngome, kwa saa, na mwenye kofia akapunguziwa. Ndiye aliyeuza kochi moja kwa wapangaji watatu, kisha akawapatanisha walipogombana na kupewa chakula cha mchana kwa busara zake. Lakini kwa Shariffa, mjane muuza mahamri, hakuwa na ujanja wowote. Alimpenda, basi. Kila asubuhi alikuja kibarazani kwake, akanywa kahawa, akaomba kumuoa.

"Posa ya Haroun wa Biashara Street imeshafika," Shariffa alimwambia siku hiyo. "Ami Noor atatoa jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Jaffar, mimi nataka mume ambaye nikiulizwa afanya kazi gani, nijibu kwa neno moja. Haroun muuza kanga. Wewe je?"

Jaffar akaeleza. Alitumia maneno thelathini na moja, pamoja na "kwa namna fulani" na "inategemea."

"Nimesema moja," Shariffa akamwambia, akamgeuzia mgongo. Jaffar aliumia, wallahi aliumia, hata hamri lilimshinda kumaliza.

Lakini kijiti kilikuwa bado mkononi. Akapiga hesabu. Atavikusanya vijiti hivyo chini ya dirisha, avisafishe, kisha amuuzie Abdulhalim yule yule aliyevitupa, ati vimetoka Ufaransa. Na Abdulhalim ndiye mkubwa baada ya Ami Noor katika ukoo ule, neno lake lina uzito. Siku ya posa atasimama aseme: "Huyu Jaffar ni mwagizaji wa bidhaa za ng'ambo." Mwagizaji! Neno moja, tena lina viatu vya kung'aa.

Siku tatu baadaye alipanda ngazi na kikasha cha manukato kilichojaa vijiti saba, vimeoshwa kwa maji ya waridi.

"Assalaam aleikum, Sheikh Abdulhalim."

"Waaleikum salaam. Leo wauza nini, Jaffar? Kivuli?"

"Nina shemeji yangu baharia. Vijiti hivi huko Ufaransa hawapewi ila wakubwa. Tazama hapa kitakoni, waona alama hii ndogo ya wembe? Hiyo ndiyo muhuri wa kiwanda. Wafaransa hawachanji ovyo."

Abdulhalim aliitazama alama, akamtazama Jaffar, akakohoa kwa muda mrefu kidogo. Kisha akafunga kijiti, akapuliza. Ilitoka sauti ya kuku aliyekanyagwa. Kijiti kikaruka dirishani, na cha pili kikakifuata. Jaffar alishuka ngazi mbio kuviokota kabla mbuzi wa jirani hajavionja.

"Wafaransa wako wana mafua," Abdulhalim alimpigia kelele kutoka juu. "Wakipona, walete!"

Basi kumbe utapeli huu ulidai elimu, jambo ambalo Jaffar aliliona ni uonevu. Aliuliza huku na huku, akaelekezwa Tononoka, kwa Truphosa, karani wa reli aliyepiga klarineti katika bendi ya kanisa. Alimkuta ukumbini Jumamosi alasiri, akamwambia anataka kuwafundisha mayatima muziki. Truphosa hakuuliza mayatima gani. Alivikagua vile vijiti kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Nani alivitupa hivi?"

"Mwenye haraka, dada."

"Basi keti, kaka. Kijiti kikikataa si lazima kimekufa. Kipande hiki cha kioo, weka kijiti juu yake. Kinayumba? Tumbo limevimba kwa unyevu wa hapa Mombasa. Lisugue kwa msasa, taratibu, usifanye kama unakwangua sufuria. Kikilala sawa, kifunge, upulize huku umeegemeza klarineti kushoto, halafu kulia. Upande ulio mzito kutoa sauti ndio unaoupunguza, kidogo tu, halafu ujaribu tena. Kimelegea ncha? Kibane na sarafu, uichome ile ncha kwa kiberiti, unywele mmoja tu."

"Na hiki?"

"Hiki kimepasuka ncha. Kizike." Akakitupa. "Hata hospitali ina mochari. Lakini mtu haanzii huko."

Jaffar aliharibu vijiti tisa kabla ya kupata kimoja. Alichoma kidole mara mbili na nyusi mara moja. Truphosa alimpa klarineti kuukuu ya bendi ajaribie, akamzuia kuondoka mpaka amerudia. Na siku kijiti kilipotoa sauti nene, laini, bila kelele, Jaffar aliruka, akamkumbatia mpiga tarumbeta aliyekuwa akipita zake. Halafu akakumbuka kuwa yeye ni tapeli, akajituliza.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama mtu aliyesukumwa na upepo. Asubuhi vijiti vinashuka dirishani, Jaffar anaokota. Mchana anakwangua, anasugua, anapuliza, anavilaza vikauke siku mbili tatu. Kisha anapanda ngazi. "Meli imefika, Sheikh." Abdulhalim anapuliza, anafumba macho, anasema "Mashaallah," analipa bila kubishana. Mtu asiyebishana bei Mji wa Kale! Hapo Jaffar alipaswa kushtuka. Lakini mjanja akishajiona mjanja, hashtuki.

Dalili nyengine zilimpita vilevile. Siku moja mtalii mnene, mwenye kamera tatu shingoni, alimuuliza kama ukuta wa ngome unauzwa. Zamani Jaffar angemwandikia hati palepale. Safari hii alimwambia, "Ngoja kidogo, bwana, nina kijiti kimelemaa upande wa kushoto," akarudi kwenye msasa wake. Mtalii alingoja, akachoka, akaenda zake. Shariffa aliyaona hayo yote kutoka kwenye karai lake, na hamri la Jaffar siku hiyo lilikuwa kubwa zaidi.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikafika. Baada ya swala Jaffar aliketi sebuleni kwa Ami Noor, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Abdulhalim alikuwa kando, amepakata klarineti. Nyuma ya pazia kulisikika bangili za Shariffa.

"Haroun tumeshamsikia," alisema Ami Noor. "Wewe, Jaffar, wafanya kazi gani?"

"Mimi, Ami, ni mwagizaji. Sheikh Abdulhalim ni shahidi."

Abdulhalim akasimama. "Huyu si mwagizaji," akasema. Moyo wa Jaffar ukaanguka puu, nadhani hata majirani waliusikia. "Hajawahi kuagiza hata sindano."

Akatoa mfukoni vijiti kumi, akavimwaga juu ya meza. "Ami, tazama vitako. Kila kijiti changu nikinunua hukichanja kwa wembe, nisije nikaibiwa na wenzangu bendini. Hivi vyote niliviona vibovu nikavitupa dirishani. Huyu bwana akaviokota, akaniuzia. Tena akanionyesha alama yangu mwenyewe, ati Mfaransa!"

Jaffar alitazama mlango, akapima hatua. Tano tu. Lakini nyuma ya pazia zilikuwapo bangili zile. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukaa akangoja kuaibika. Alikaa.

"Ni kweli," alisema polepole. "Niliviokota. Nisamehe, Sheikh."

"Nikusamehe nini?" Abdulhalim akaangua kicheko alichokibana mwezi mzima. "Miaka nikitafuta mtu wa kunitengenezea vijiti Mombasa hii. Mimi subira sina, nakitupa. Vipya hivyo nilivyolipia hukataa, hivi vilivyotupwa vinaimba! Hebu sikia." Akapuliza, mpaka Ami Noor akasahau kufunga mdomo. "Ami, umeuliza kazi yake. Huyu ni fundi."

"Neno moja," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Jaffar aligeuka. "Shariffa! Wewe ulijua?"

"Nani alimwambia Abdulhalim alenge kikombe chako? Alikosa siku mbili, kile cha tatu ndicho kilichoingia." Pazia likasogea kidogo. "Ningekupa kazi, ungekimbia. Nikaiacha mahali pa kuibwa, ukaishikilia usiku na mchana. Wote waliniambia, huyo mtupe. Nikasema, nitamkwangua kidogo kwanza."

Ami Noor alicheka mpaka akavua miwani. Haroun, Mungu amlipe, alipelekewa sinia la mahamri na maneno matamu.

Abdulhalim akachukua mfuko uliokuwa chini ya kiti, akauweka mapajani mwa Jaffar. Ulikuwa umejaa vijiti vya bendi nzima. "Jumatatu nivikute tayari. Na kuanzia leo nakulipa bei ya fundi, si bei ya Ufaransa."

"Bei ya fundi ni ndogo!" Jaffar alilia. "Mwezi mzima nimetoka jasho la halali bila kujua! Nimetapeliwa, jamani!"

"Pole," alisema Shariffa. "Zoea."

Jaffar alitaka kulalamika zaidi. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, ukatoka na kijiti, akakiinua dirishani kukitazama kwenye mwanga.

"Upande wa kulia mzito," alisema. "Hiki chapona. Nani ana msasa?"