Homa ya Jemadari

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jumamosi fahali wangu Jemadari anapigana na fahali wa jirani yangu Wanzala. Kijiji kizima cha Mukumu kinajua. Tatizo: Jemadari amenenepa, na jana alimkimbia mbuzi. Heshima yangu iko hatarini. Lakini kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: homa mpya imeingia Kakamega, daktari mkubwa anaonya watu wasikusanyike. Mchezo lazima uahirishwe.

Jumanne, 5 Agosti
Shemeji Osiako amenitumia ujumbe wangu mwenyewe kutoka Nairobi, akinisihi nijihadhari. Daktari sasa ana jina, hata picha! Redioni mtangazaji ameuliza kama ni kweli. Kila aliyepiga simu alikuwa na jirani mgonjwa. Mimi, niliyeishia darasa la nane! Najivunia mno.

Alhamisi, 7 Agosti
Maji yamezidi unga. Ujumbe umerudi na mkia: homa inaletwa na fahali mwenye madoa meupe. Jemadari ana madoa meupe. Majirani wamekuja na mafuta ya taa, wanataka kumchoma. Nikaandika kundini kwamba habari ni ya uongo. Wanzala akajibu kwamba mimi hula pesa ya serikali. Nikakiri mbele yao kuwa niliitunga mwenyewe. Wakacheka, wakasema sina akili hiyo. Hilo limeniuma kuliko mafuta ya taa.

Ijumaa, 8 Agosti
Edah, mhudumu wa afya wa kijiji, amepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaumwa, jina lake nani, analala wapi. Hakupata hata mmoja. Kisha akamkumbatia Jemadari shingoni watu wakitazama. Wakaenda zao. Mke wangu Zipporah anasema nijifunze kwake. Nimemwambia kwamba Edah hana wafuasi hata kumi.

Jumamosi, 9 Agosti
Umati haujawahi kuwa mkubwa hivi. Wote wamekuja kumwona fahali wa homa. Ngoma za isikuti zikalia. Jemadari akamtazama mwenzake, akageuka, akatokomea kwenye miwa. Wanzala akabebwa juu juu. Nimelia, sifichi.

Jumapili, 10 Agosti
Zipporah ameniomba nimpongeze Wanzala, nimshukuru Edah, niweke simu chini. Ushauri mzuri. Kwanza nimeandika kundini maneno machache: Jemadari hakukimbia, alikuwa akikaa mbali na fahali mwenye dalili, kama wataalamu wanavyoshauri. Kabla ya ibada kwisha, watu arobaini walikuwa wameyasambaza. Mmoja ameuliza kama fahali wa Wanzala amepimwa. Nimemjibu kwamba uchunguzi unaendelea.