Baba Mdogo wa Kujitakia

Jumatatu, 4 Machi
Mhadhiri wetu wa anthropolojia katoa kazi. Kila mtu aende kwa familia isiyo yake, achore ukoo wao vizazi vitatu, nani anamwitaje nani. Darasa zima likaguna. Mimi nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Sababu ni Mwanya, yule wa mstari wa mbele, ambaye mwanya wake wa meno unanikosesha usingizi tangu mwaka wa kwanza. Nimemwomba nichore ukoo wao. Kakubali! Miwani, ninayeishi naye chumba kimoja, naye alikuwa njiani kumwomba. Kachelewa. Shauri yake. Wiki mbili sebuleni kwao, nikishindwa kumpata, niiteni bwege.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda. Shati limenyooka (la Miwani). Bibi yake Mwanya, mama mzaa baba, alikuwa kwenye kochi, rimoti mkononi. Nikamwuliza jina la baba mkwe wake. Akasema wafu wake si nguo za kuanikwa mbele ya wapita njia, akaongeza sauti ya televisheni. Mwanya akanitazama kwa huruma. Huruma! Nani kaja kutafuta huruma?

Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasema marehemu baba yangu aliondoka kwao akiwa kijana, hakusema katoka wapi, ila mtaa huu aliutajataja. Baba yangu ni mzima wa afya. Anauza bima. Jana tu kanipigia simu.

Bibi akazima televisheni.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe mume wa bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na mdogo wake aliyeondoka kijana asirudi tena! Bibi akaniuliza kama baba alikuwa mrefu. Mrefu. Akichechemea kidogo? Sana tu! Akipenda kupiga mluzi? Mpaka siku ya kufa, nikasema. Akanikumbatia, analia. Niliona aibu, kweli niliona aibu, nikala sahani ya pili ili nisimvunje moyo.

Kisha akamwita Mwanya. Nikajiweka sawa. Nilikuwa nimeshajipangia ubinamu wa mbali, ule usiozuia kitu. Bibi akahesabu kwa vidole. Baba yangu na babu yake Mwanya ni ndugu. Kwa hiyo mimi na baba yake Mwanya ni ndugu. Kwa hiyo Mwanya ni mwanangu. Akamwamuru amwamkie baba yake mdogo.

Mwanya akaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje jamani?

Jumapili, 10 Machi
Familia nzima imekuja kunitazama. Baba yake Mwanya, fundi wa mafriji, jitu la miraba minne, ananiita mdogo wangu na kunipiga mgongoni mpaka nakohoa. Shangazi yake Mwanya kayakagua masikio yangu, kasema ni ya kwao kabisa. Masikio haya ni ya mama yangu!

Faida moja: Mwanya hanionei haya tena. Kanivuta jikoni, kanishika mkono. Moyo paa! Akasema ana siri, hawezi kumwambia baba yake, ila baba mdogo ni mtu wa kuelewa. Anampenda Miwani.

Nimerudi kwa miguu. Miwani kanisalimia, sikuitika.

Jumatano, 13 Machi
Nimekumbuka kitu: baba mdogo ana sauti! Nikamwambia Mwanya kwamba huyo kijana anakoroma, soksi zake zinasimama zenyewe, na sabuni hajawahi kununua. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema afadhali, kumbe namjua vizuri. Basi Jumamosi Miwani akija kujitambulisha, mimi ndiye nitakayemsemea kwa baba yake.

Mhadhiri naye kaona rasimu yangu. Kanisifu mbele ya darasa jinsi nilivyopokelewa haraka. Sasa nitarudije nyuma?

Jumamosi, 16 Machi
Niliketishwa upande wa wazee, katikati ya bibi na fundi wa mafriji. Mpango wangu: nitikise kichwa, niseme kijana bado hajakomaa, asubiri kwanza. Miwani akaingia, kavaa lile shati lake. Akaniamkia kwa adabu zote, kisha akaniinamia sikioni, akaninong'oneza. Baba yangu kampigia simu kwa kuwa mimi sipokei, anauliza nitakwenda lini kumsalimia. Je, amwelekeze huku?

Fundi wa mafriji akasema haya, mdogo wangu, wewe unamjua huyu, unasemaje?

Nikamtazama Mwanya. Alikuwa ameshika pindo la gauni kwa mikono miwili, ananisubiri mimi tu. Iliniuma, nisidanganye. Nikasema ni kijana mpole. Msafi. Hakoromi. Nikasema mimi ningekuwa na binti, ningempa huyuhuyu.

Bibi akanikumbusha kwamba binti ninaye.

Jumatatu, 18 Machi
Nimepata B. Mhadhiri kaandika kwamba mchoro ni safi, ila mtafiti asijichore katikati. Chumbani Miwani ananiita baba mkwe, na shati haniazimi tena. Nimelia kidogo. Basi.

Jioni, maktabani, nimemwona msichana wa sosholojia, mwaka wa pili, akicheka meza nzima inacheka naye. Nimedodosa. Anaishi na babu yake mzaa baba. Wazee kama hao hawakosi binti aliyepotea zamani. Kosa langu nimeshaliona: niliwaachia wao wanipange. Safari hii najipanga mwenyewe. Nitakuwa mtoto wa shangazi yake, binamu tu, na ubinamu unazungumzika. Baba apumzike sasa. Atakayekufa ni mama.