Baba, Punguza Jina Lako Mpaka Jumamosi

Ukumbi wa Michezo, Mthatha
Jumanne jioni

Kwa Mzee Nkosemntu, Centane

Yah: Ombi la kubadilisha jina kwa muda mfupi

Baba yangu mpendwa,

Nimemkosea Nosakhele, mkamwana wako. Nalisema mwanzoni kabisa usije ukasoma barua nzima ukidhani nakuja kuomba hela. Nimemkosea mbele ya watu, na nikifikiria sana naona dawa ni wewe uache kuitwa jina lako mpaka Jumamosi usiku, mchezo ukishaonyeshwa. Baada ya hapo utarudishiwa, likiwa zima.

Ilivyokuwa ni hivi. Hapa ukumbini ninapowasha taa kuna mchezo wa chifu wa zamani. Chifu anaigizwa na kijana wa Johannesburg, Tebatso. Kifua anacho, ngurumo anayo, lakini akisema Kixhosa utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Bi Zimasa, mwongozaji, akaanza kutafuta mtu wa kumfundisha matamshi. Akaja msomi mmoja anayeongea kama taarifa ya habari. Akaja mchungaji, na siku ya pili chifu akawa anamaliza kila sentensi kwa amina. Bi Zimasa akashika kichwa: "Jamani, hakuna anayemjua mtu anayeongea kama watu wa Centane?" Mimi nilikuwa juu ya ngazi, taa mkononi. Nikasema, "Mke wangu."

Mwenyewe sikumuuliza. Jioni anapakua chakula nikamwambia, "Kesho unaanza kazi ukumbini," kama mtu anayesema kesho kuna mvua.

Na aliiweza, Baba. Tebatso aliacha kugonga ulimi kama anayeita kuku, akaanza kuugonga kama sisi. Waigizaji wote wakamwita Mwalimu. Akanunua miwani. Akawa anatembea ukumbini kama mwenye nyumba.

Jumapili tukawaalika kina mama wa kanisa watazame mazoezi. Tebatso akatokea na ngozi ya chui begani. Alitakiwa angurume: "Mimi ndimi chifu, ng'ombe hawa ni wangu, nawashukuru!" Badala yake akainamisha macho, akaivuta ile ngozi ya chui ikae begani kama shali, akasema taratibu, "Mimi ndimi yule mkubwa wa bomani, hawa wenye pembe ni wetu, nami nimepokea kwa mikono miwili."

Ukumbi ulivunjika mbavu. "Chifu kaolewa lini?" "Kaolewa ukoo gani huyu?" "Mpeni ndoo akateke maji, mama mkwe anasubiri!" Tebatso anauliza huku na huku, "Nimekosea wapi? Ndivyo alivyonifundisha Mwalimu!"

Wewe na mimi tunajua alipokosea. Bi Zimasa akanigeukia: "Hukusema mkeo anajua?" Nilijua jibu, Baba. Nilijua tangu nikiwa juu ya ngazi. Lakini nikasema, "Labda amesahau. Ni mwanamke wa kijijini tu." Nosakhele alikuwa nyuma yangu. Akavua miwani, akaitia kwenye mkoba. Tangu siku hiyo chakula napata, maneno sipati. Bi Zimasa naye amesema Ijumaa analeta mwalimu mwingine.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba kulilalamikia jina lako kama ifuatavyo:

1. Ni kubwa kuliko mwili wako. Humo ndani kuna chifu mzima, na wewe Baba hujawahi kuwa chifu. Ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya josho, tena wakakutoa.

2. Linakula maneno ya watu. Sheria ya nyumba yetu unaijua, maana ndiwe unayefaidika nayo: makoti, mke aliyeolewa kwetu, akishaingia ukoo wetu halitamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Haya, hesabu hasara. Chifu ni inkosi: limekwenda. Ng'ombe ni inkomo: limekwenda nalo. Asante ni enkosi: hilo ndilo linaloniuma. Nyumba yangu haijasikia asante ya mama tangu nioe. Watoto wameijua kwenye televisheni.

3. Baba mdogo anaitwa Jackson. Hakuna makoti aliyewahi kupungukiwa na kitu kwa sababu ya Jackson. Wake wa wanawe wanaongea asubuhi mpaka jioni, tena mengi yasiyo na maana, na hakuna neno wanalolizunguka. Nakuomba na wewe uwe Jackson. Kwa siku chache mtakuwa wawili, kijiji kitazoea.

4. Jambo lenyewe linavuka nyumba yetu. Kule kijijini kila mzee amekalia neno lake. Mmoja kakalia maji, mwingine kakalia nyumba, yule wa ng'ambo ya mto kakalia habari njema. Tukiendelea hivi, Kixhosa chote kitabaki kwa makapera, na unajua wanachokifanyia. Napendekeza mwanaume akikaribia kuwa baba mkwe apewe jina la dawa ya josho. Zile dawa zina majina marefu, ya heshima, na hakuna mtu anayeyahitaji kwa maongezi.

5. Usije ukaniambia nisubiri ufe. Nililifikiria hilo pia, unisamehe. Halisaidii. Jina la marehemu linaheshimiwa zaidi.

Ninachoomba ni kidogo tu. Simama kwenye zizi asubuhi ukishaipata barua hii, Baba mdogo Jackson awe shahidi, useme kwa sauti kwamba wewe si Nkosemntu mpaka Jumamosi usiku. Halafu unipigie simu. Nosakhele atarudi ukumbini na maneno yake yote, chifu ataacha kuwa bibi harusi, na mimi nitakuwa nimemrudishia mke wangu heshima yake bila mtu yeyote kuhitaji kuniuliza kwa nini niliongea uongo.

Msalimie Mama na magoti yake. Salamu kwa Baba mdogo, ambaye jina lake nalisifu kila siku. Wasalimie majirani wote, kila mmoja na neno lake. Yule jogoo mliyetutumia Krismasi bado yupo. Nosakhele anakataa achinjwe, sijui kwa nini.

Ni mimi mwanao mtiifu, ninayekuvulia kofia ingawa naomba jina lako,

Mzoxolo

Nyongeza: Usibadilishe kitu, Baba. Niliiacha barua mezani nyumbani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta Nosakhele anaisoma, amevaa miwani. Akanitazama, akasema, "Nkosemntu." Lote, kwa sauti, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Akasema chifu. Akasema ng'ombe. Hakuna kilichoanguka ukutani. Anasema jina lako analiweza tangu mwaka wa pili wa ndoa, na kwamba yule jogoo ndivyo anavyoitwa, ndiyo maana hachinjwi. Kila asubuhi nikiondoka anamfukuza jikoni: "Toka, Nkosemntu, umejaa uchafu!" Tafadhali usimwambie Mama.

Nikamuuliza, sasa kwa nini chifu wa watu ukamvalisha shali? Akanijibu, "Hukuniuliza kama naitaka kazi. Ulinipeleka kama makoti, nami nikafundisha kama makoti. Nilikuwa nasubiri uniulize. Wewe ukasema mimi wa kijijini tu."

Basi kosa halimo kwenye jina lako hata kidogo. Alhamisi saa nne asubuhi, kabla ya mazoezi, nitawasha taa zote za jukwaa, nitapanda nisimame chini yake, na nitasema mbele ya Bi Zimasa, Tebatso na wale kina mama wa kanisa kwamba nilijua, nikadanganya, nikamtupia mke wangu lawama. Halafu nitamuuliza, wote wakisikia, kama anaitaka kazi hii. Akikataa, nitambebea mkoba mpaka nyumbani. Akikubali, nitasema enkosi, mimi wa kwanza.