Mashine ya Bwana Wafula na Bustani ya Hatua Sita

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi,
Mishomoroni.

Mheshimiwa Bwana Luqman,

Salaam aleikum. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo. Mimi si mzima, na sababu nitaieleza kwa nambari, kwa kuwa hasira isiyo na nambari mtaani petu huitwa umbea.

Jirani yangu Gedion Wafula, mstaafu wa bandarini, amenunua mashine ndogo ya kulimia inayotumia petroli. Bustani yake ya mboga nimeipima mwenyewe: hatua sita kwa nne. Humo ndimo anamoendesha mtambo.

1. Mashine haina nafasi ya kugeuka. Ikifika ukutani, Bwana Wafula huitoa kwa mlango wa uani, akaizungusha mbele ya baraza ya jirani yetu Mwanasaumu, kisha akairudisha ikitazama upande wa pili. Mwanasaumu sasa huanua nguo mbichi kila Jumamosi kwa sababu ya moshi wa msongamano wa magari wa mtu mmoja.

2. Udongo wetu ni haba, chini ni matumbawe. Meno ya mashine hayakuambiwa. Yalikata bomba la maji, na kwa kuwa maji yalikuwa hayajatoka wiki mbili, hakuna aliyetambua. Yaliporudi, yalimwagilia mrenda wa Wafula kutwa nzima, nyumba nne zikabaki na ndoo kavu. Mrenda huo, nakiri, umestawi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kwa miaka saba nyumba nne, yangu, ya Wafula, ya Mwanasaumu na ya Mueni, tumelimiana kwa zamu. Jumamosi hii kwangu, ijayo kwa mwingine, majembe manne safu moja, na mwenye bustani huchemsha mihogo. Ni kwenye safu hiyo tulipojua kwamba kiwanda kimemwachisha Mueni kazi. Hakusema. Alikuwa akilima kama anayechimba kaburi, ndipo tukamuuliza. Sasa Wafula anamaliza kwa dakika kumi na moja na kuingia ndani kutazama mpira. Mueni naye ataka kuiazima hiyo mashine. Mwanasaumu asema safu ya watu wawili si safu. Jumamosi mbili nimelima peke yangu.

4. Nilipomkabili Wafula, aliniambia mbele ya watu: "Mama Kafedha, hebu sema ukweli. Unataka walimaji ama unataka wasikilizaji?" Swali hilo halihusiani na petroli, kwa hiyo sitalijibu.

5. Leo ni mashine ya kulima. Kesho atanunua ya kuchuma mchicha, kesho kutwa ya kuitikia salamu, ili mtu asichoke kusema marahaba. Watu wasiotoka jasho pamoja hawawezi kuchagua hata mwenyekiti pamoja. Lifikirie hilo, Bwana Luqman. Uchaguzi wa kamati ni Desemba.

Kwa hiyo naomba mashine ipigwe marufuku katika shamba lolote ambalo mtu aweza kulivuka bila kupumzika, na Wafula aamriwe kurudi kwenye nafasi yake, ya pili kutoka kushoto, kabla haijaota magugu.

Nisalimie mkeo, wajukuu, na kamati yote, hata wale watatu wasioniitikia.

Ni mimi, mwenye haki na maumivu ya kiuno,

Ruth Kafedha

Baada ya kuandika: Barua hii imekaa mezani siku tatu kwa sababu kiuno kilinifunga kwa kule kulima peke yangu. Leo asubuhi Wafula ameingia uani na mashine bila kuitwa. Amenilimia kwa dakika tisa. Kisha, kwa kuwa kazi imekwisha na mihogo haijaiva, ameketi. Mwanasaumu akaja kulalamikia moshi, akaketi. Mueni akaja kuazima, akaketi. Tumebishana mpaka adhuhuri, na safari hii hakuna aliyekuwa na jembe la kujifanya analiinamia nikimuuliza swali. Barua anakuletea Wafula mwenyewe, kwa hiyo tafadhali usiisome mbele yake. Na uamuzi wowote wa kamati usianze kabla ya Jumamosi ijayo. Zamu ni ya Mwanasaumu, nami nimeahidiwa kuvuta kamba ya kuwashia mashine.