Dakika Moja ya Kimya kwa Hermínio

Jumatatu, 21 Oktoba

Jana tumechapwa nne bila kule Lisbon. Kwenye ligi tumekuwa wa kumi na sita. Nani anajali! Hapa Vale Sereno hakuna anayezungumzia ligi tena. Timu yetu ya Desportivo tangu iundwe haijavuka mpaka, isipokuwa ile siku dereva wa basi alipopotea tukajikuta Uhispania. Leo tumo kwenye mashindano ya Ulaya! Tarehe saba Novemba tunacheza Norwe.

Tangazo limebandikwa getini. Ndege ya kukodi, viti mia vya wanachama, kwa kufuata namba za kadi. Namba moja hadi namba mia. Basi.

Mimi ni namba mia na moja.

Niandike hapa maana pengine siwezi kusema. Miaka sitini na miwili iliyopita, mimi na Hermínio Falcato tulizaliwa siku moja, hospitali moja. Baba yake alitoka wodini akaenda moja kwa moja kumwandikisha mwanawe klabuni. Baba yangu alipitia kwanza mkate wa nyama ya nguruwe na glasi ya mvinyo. Mbili, kwa kweli. Alipofika ofisini, jina la Hermínio lilishaandikwa. Kila baada ya miaka kadhaa klabu huhesabu upya, marehemu wanatolewa, walio hai tunapanda. Tumepanda pamoja maisha yote, yeye mbele, mimi nyuma. Leo ni kinyozi, ndiye aliyenisimamia harusi, na mbele za watu haniiti Olegário. Ananiita Mia na Moja.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeamka na mpango. Kati ya watu mia lazima yuko mgonjwa. Nikapika supu ya sukumawiki, nikaibeba hadi kwa mzee Custódio, mwanachama namba tatu, miaka tisini na minne. Nikamwuliza kifua kinaendeleaje. Akainywa supu yote. Kisha akaniuliza kama nimekuja kumpima jeneza. Sanduku lake la safari limeshafungwa, liko mlangoni, na skafu mbili juu yake. Akanitoa kwa fimbo. Akasema mimi ni wa nne kuja leo, na kwamba namba mia na nne alifika saa mbili asubuhi na keki.

Watu hawana aibu!

Alasiri nikaenda kunyolewa kwa Hermínio. Kirafiki tu, nikamweleza kwamba baridi ya Norwe hula vidole, na kinyozi bila vidole ni nani? Akasema atavaa glavu, na nimwachie anwani yangu aniletee kadi ya posta. Mimi, niliyekuwa tarishi wa posta miaka thelathini! Wateja walicheka mpaka povu likaruka. Nikatoka kwa hasira na shavu moja halijanyolewa. Felisbela, mke wangu, akauliza nani kashinda.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bao moja bila dhidi ya Waaustria! Dakika ya themanini na nane! Kiti changu kiko kando ya cha Hermínio, viti hufuata namba. Bao lilipoingia nilimkumbatia kabla sijakumbuka kwamba simtaki. Tulilia wote wawili. Kisha akaniuliza nani kafunga. Nikaona ananidhihaki, nikamwambia kafunga bibi yake.

Jumapili, 27 Oktoba

Sare ugenini. Tumeitazama mkahawani. Hermínio hakuja. Duka lake limefungwa tangu Ijumaa, pazia chini, simu haipokelewi. Haaga mtu yule. Mjane wa kiume, hana mtoto, hana hata paka. Nimemfikiria sana. Si kwa uzuri.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimefanya jambo.

Nilikwenda ofisi ya klabu kuuliza kama kuna aliyejitoa safarini. Bi Zulmira, katibu, akasema hakuna. Akauliza habari za Hermínio, maana hajaja kuchukua karatasi zake za ndege. Mimi sikusema kitu! Naapa. Nilivua kofia tu. Nikatazama sakafu. Nikashusha pumzi ndefu.

Bi Zulmira akashika kifua. Akasema, "Usiniambie, Bwana Olegário!" Na mimi sikumwambia. Hapo ndipo nilipopaswa kusema mama we, tulia, huenda yuko kwa dada yake Braga. Mdomo ulikuwa wangu. Sikuufungua. Akalia, akanikumbatia, akafuta jina kwenye orodha na kuandika la kwangu, machozi yakidondokea karatasi.

Namba mia. Nimerudi nyumbani kwa kupitia mtoni nisikutane na mtu.

Jumanne, 29 Oktoba

Uongo una watoto wengi. Rais wa klabu kanisimamisha njiani kuniuliza mazishi lini. Nikasema yameshafanyika, Braga, kimyakimya, familia haitaki wageni. Akasema ndivyo alivyokuwa Hermínio, mtu asiyependa makuu. Wakati Hermínio alikuwa anapenda makuu kuliko askofu!

Felisbela amelia tangu mchana. Amepika samaki wa chumvi, kama alivyokuwa akipenda marehemu. Nimekula sahani mbili kwa majonzi. Halafu nikajifungia bafuni nikajitazama kwenye kioo. Sikukaa sana.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mji mzima makaburini na maua yake. Wengine wamebakiza shada wakaenda kuliweka mlangoni kwa kinyozi. Kufikia adhuhuri mlango hauonekani. Mzee Custódio ameweka chupa ya mvinyo. Nami ilibidi niweke, watu walikuwa wananitazama. Nikaandika kwenye kadi: "Kwa ndugu yangu, namba mia milele." Bi Zulmira kaisoma kwa sauti, wanawake wakalia upya.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini ukishawaliza watu mia mbili, unaanzia wapi?

Jumapili, 3 Novemba

Laiti ardhi ingepasuka.

Mechi ya ligi, nyumbani. Wachezaji wamevaa vitambaa vyeusi mkononi. Picha ya Hermínio kwenye skrini kubwa, ile ya harusi yangu, Felisbela ndiye aliyewapa. Bi Zulmira akaniletea skafu yake ya zamani, waliyoikuta ofisini, niibebe hadi Norwe kwa niaba yake. Refa akapuliza kipenga. Dakika moja ya kimya. Watu elfu nne wameinamisha vichwa.

Nikasikia mtu anapanda ngazi taratibu. Akakaa kando yangu. Kichwa kakiinamisha kuliko wote, kidevu kifuani, kitambaa cheupe kwenye jicho moja. Akaninong'oneza, "Mia na Moja, nani kafa?"

Akarudia. Nikasema kuna mzee mmoja. Akavua kofia. Akasema, "Maskini, Mungu amlaze pema." Akaendelea kuinama, akaanza na kusali! Picha yake ina urefu wa nyumba mbele yake, na yeye anatazama viatu.

Kimya kikaisha. Makofi yakaanza, kama ilivyo desturi yetu. Hermínio naye akapiga makofi. Kwa nguvu. Ndipo mtangazaji akalitaja jina lote, Hermínio Falcato, mwana wa mji huu, kinyozi, namba mia.

Akaacha kupiga makofi. Mimi niliendelea, peke yangu, sijui kwa nini.

Mwanamke wa safu ya nyuma akapiga ukelele. Mwingine akafanya ishara ya msalaba. Mzee Custódio akasimama juu ya kiti akasema kwa sauti ya kuhutubia kwamba kama wafu wanarudi, basi na refa wa mwaka themanini na mbili arudi atiwe adabu. Jukwaa zima likaanza kucheka. Kisha wakaanza kuulizana habari ilianzia wapi. Vichwa vikageuka kimoja kimoja, kama mlango unaofunguka polepole. Bi Zulmira alikuwa wa mwisho kugeuka. Alininyang'anya ile skafu.

Tumefungwa mbili moja. Sikuona hata bao moja.

Jumatatu, 4 Novemba

Felisbela kanitoa nyumbani saa tatu. Amesema nisirudi kabla sijaomba radhi, na nisipite njia ya mtoni, nipite uwanja wa mji watu wanione. Nimepita. Wamenivulia kofia wote, wakitazama chini na kushusha pumzi.

Hermínio yuko dukani, amekaa, kichwa chini, katikati ya mashada. Hawezi kukiinua. Jicho lilikuwa linamharibikia tangu kiangazi, akaficha, mteja gani atamwamini kipofu na wembe? Kapasuliwa huko Braga. Wameliwekea hewa ndani ya jicho. Wiki mbili asitazame juu, mchana na usiku, na miezi miwili asipande ndege, la sivyo hewa hiyo itavimba na jicho litapotea.

Nikakaa sakafuni ili anione uso. Nikamwomba radhi. Kisha akasema jana daktari alimkataza kutoka, lakini alitoka, kaja uwanjani moja kwa moja kutoka Braga kwa sababu moja. Alitaka kuniambia kwa mdomo wake kwamba kiti ni changu. Alikuwa amejiandaa tangu Braga jinsi atakavyonitania nikishangilia.

Kiti kingenijia chenyewe. Siku sita tu! Ningenyamaza bila kuvua kofia!

Nikalia pale sakafuni. Akaniuliza ile kadi ya "namba mia milele" nani kaandika. Nikasema mimi. Akasema mwandiko mbaya lakini maneno si mabaya, ameibandika kwenye kioo.

Jumanne, 5 Novemba

Mkutano wa klabu. Hoja: Olegário Seixas afutwe uanachama, akitaka arudi na aanze mwisho, namba elfu nne mia tatu na kitu. Mikono ilikuwa inanyanyuka mingi. Hata namba mia na nne kanyanyua, yule wa keki!

Hermínio akasimama, kichwa chini, akaongea na meza. Akasema marehemu ni yeye, na kama marehemu hana kinyongo, walio hai wanalia nini? Tena nikiondolewa, nani atakaa kando yake, amzoee nani kwa umri huu? Watu wakacheka, mikono ikashuka.

Namba yangu imebaki. Kiti cha ndege wamempa namba mia na mbili, Bi Arminda muuza samaki, ambaye mpira haupendi hata kidogo, anataka kuona theluji. Sawa. Nimestahili. Nimemshika Hermínio mkono kumrudisha nyumbani. Nimeapa mbele ya Felisbela: uongo basi. Hata mdogo. Hata wa heshima.

Alhamisi, 7 Novemba

Mechi ya Norwe. Ndege imeondoka bila sisi. Nimemtazamia Hermínio mechi dukani kwake, yeye kichwa chini, mimi macho kwenye televisheni. Kanishika mkono akasema, leo macho yangu ni wewe, ndugu yangu. Sauti ya mtangazaji akaomba niizime, ni mtu wa Lisbon, anatuchukia.

Dakika ya nne wametufunga. Nilifungua mdomo kusema kweli. Nikaona mabega yake yamekakamaa, anasubiri. Nikasema imegonga mwamba!

Akacheka. Ni kosa langu kwamba alicheka?

La pili nikasema kipa kadaka. La tatu nikasema wameotea, bendera iko juu. Kufikia mapumziko tulikuwa sare safi, na mimi natiririka jasho. Kipindi cha pili mtu wetu akapiga shuti likaenda jukwaani. Nikaliingiza. Sijui lilikuwaje. Hermínio alipiga yowe, akanibusu mkono, akaniuliza nani kafunga, na kwa mguu gani. Nikamweleza. Kwa mguu wa kushoto, baada ya kumlamba chenga beki mrefu mwenye ndevu. Nikanogewa, nikaliingiza na jingine.

Ubao ulisoma tano bila. Zao. Sisi tumeshinda mbili bila.

Amelala akitabasamu, uso kwenye mto. Kabla hajalala kasema kesho nimfungulie duka mapema, anataka kila mteja akiingia amsimulie yale mabao mawili.

Saa sita kasoro. Nimekaa na orodha ya wateja wake wa Ijumaa, ni kumi na wanne. Nikianza saa kumi na moja alfajiri, nyumba kwa nyumba, nitawahi kuwaambia wote kwamba tulishinda.