Nusu Saa Ndani ya Moshi Wangu Mwenyewe

Leo nimejiaibisha mbele ya wapangaji wa ploti nzima, na sina mtu wa kumlaumu.

Kwa wasionijua: nina bafu la maji moto hapa Laini Saba. Vyumba viwili vya mabati, na nyuma yake pipa kubwa la chuma ninalochemshia maji kwa kuni. Moshi unatoka kwa bomba. Fundi aliponiuliza bomba lielekee wapi, nilimwambia atoboe upande wa nyuma, mbali na wateja. Upande wa nyuma kuna dirisha la Mama Anyango. Kutoka bomba hadi dirisha ni hatua moja. (Sikupima. Sikutaka kupima.)

Mama Anyango ni mjane, anaishi peke yake na anauza mboga. Alinilalamikia mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia pole. Mara ya pili nikamweleza kwamba moshi hupanda juu, hauna shida na madirisha ya watu. Mara ya tatu nikamwambia afunge dirisha. Mtu mzima kama mimi.

Leo asubuhi akaja na keateka, yule msimamizi wa ploti. Keateka akasema bomba lirefushwe lipite juu ya paa, ama litoke kabisa. Wateja watano walikuwa kwa foleni, taulo shingoni, wanasikiliza. Sikupenda kukaripiwa mbele yao. Mdomo ukanitangulia.

"Nitakaa kwa nyumba ya huyu mama nusu saa, mlango ukiwa umefungwa," nikasema. "Nikitoka kabla ya hapo, ng'oa bomba."

Mke wangu alinivuta shati. Nikamwambia aongeze kuni, tena zile mbichi, watu wasiseme tumepunguza moto. (Ndiyo. Niliagiza mwenyewe.) Halafu nikaenda nikavaa shati jeupe, ili waone nina uhakika.

Mama Anyango hakubishana. Alinikaribisha, akanionyesha kiti, akafunga mlango kwa komeo, akaketi mbele yangu. Dirisha lilikuwa limefungwa tayari. Nikakunja nne kama mgeni wa heshima.

Dakika za kwanza zilikuwa sawa. Nikapata nafasi ya kuangalia nyumba. Vitambaa vya viti vilikuwa vimefuliwa lakini vilikuwa na rangi ya chai. Kila siku nilimwona akivifua, na nilizoea kumtania kwamba anapenda sabuni kuliko watu. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mumewe. Kioo kilikuwa kimepanguswa katikati tu, pale kwenye uso. Pembeni kulikuwa na masizi.

Hapo nilitamani kuongea. Lakini moshi ulikuwa umeshaanza kuingia, kupitia ule mwanya kati ya ukuta na mabati. Ulishuka polepole. Macho yakaanza kuwasha. Mama Anyango akachovya vitambaa viwili kwenye beseni, akanipa kimoja.

"Weka kwa pua," akasema. "Usivute pumzi kwa mdomo. Na ukae chini, huko juu ni mbaya."

Alikuwa anajua kila kitu. Anakaa wapi, anapumua vipi. Nikamuuliza, kati ya kikohozi na kikohozi, anafanyaje siku ambazo wateja ni wengi. Akasema wakifika kumi hutoka, anaenda kukaa karibu na reli hadi moto uzime. Mimi nilifikiri huko reli anafuata udaku. Hata nilikuwa nimewaambia watu hivyo.

Sijui kama nilimaliza dakika kumi. Nilikimbilia mlango, ukakataa. Nikaupiga ngumi, nikilia, "Fungueni! Fungueni!" Watu walio nje wakauvuta mlango wee, haukufunguka. Mama Anyango akanyoosha mkono nyuma yangu, akatoa komeo. Lilikuwa ndani, upande wangu. Nikaanguka nje nikiwa nimebeba pazia lake kichwani, shati limekuwa rangi ya sufuria, kamasi hadi kidevuni.

Mteja mmoja akasogea kando kwa heshima.

"Boss, pita mbele," akasema. "Wewe unahitaji kuoga kuliko sisi."

Ploti nzima ikacheka. Keateka alicheka hadi akashika ukuta. Mama Anyango peke yake hakucheka. Aliokota pazia lake, akalikung'uta.

Nilizima moto, nikang'oa bomba kwa mikono yangu. Wateja wakaoga maji baridi wakininung'unikia. Fundi amesema kesho atalipandisha bomba hadi juu ya paa. Jioni nikaenda kwa Mama Anyango kuomba msamaha. Aliniacha nibabaike, halafu akaniambia:

"Baba Mercy, ungeniomba tu uje ukae, ningekukaribisha tangu siku ya kwanza."

Hilo ndilo limeniuma kuliko kifua.

Najua mtacheka. Lakini tafadhali, msinitumie hizo video wanazopitisha hapa mtaani. Nimeiona moja, na nikicheka nakohoa.