Mahari kwa Picha Iliyoganda

Jumatatu, 16 Juni 2025
Asubuhi ya baridi, upepo mkali wa vumbi. Nguo nilizoanika jana zote zimegeuka nyekundu.

Nimeshinda! Kikao cha mahari ya mdogo wangu Violeth kitafanyika Jumamosi hapa kwangu Kalangalala, si kwa kaka William kule Shinyanga. William alidai kwamba kwa kuwa baba amevunjika mguu na anauguzwa kwake, wakwe waende huko. Nikamwambia baba atahudhuria kwa video, kwenye runinga yangu kubwa, na wageni watamwona vizuri kuliko kama wangekaa naye kitanda kimoja. Baba amekubali. William amenuna. Nimefurahia yote mawili.

Tatizo dogo tu: intaneti. Jioni nimefanya jaribio. Nikasema shikamoo baba. Marahaba ikafika wakati nimeshauliza habari za mguu, ikawa kama mguu ndio unaitikia. Kisha uso wa baba ukaganda, mdomo wazi, kama anasubiri kijiko.

Ruta yenyewe ni nzima na iko salama. Nimeifungia ndani ya tranka langu la chuma la shule ya bweni, lenye kufuli, nyaya zinapita kwenye tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari. Mjini hapa kitu chenye kuwaka taa usipokifungia, kesho unakiona kinauzwa. Violeth anasema tutumie waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga. Nimemuuliza kama anataka wakwe zake waruke waya sebuleni kama mbuzi wanaoruka mtaro.

Jumanne, 17 Juni
Mawingu ya kutania. Hakuna mvua.

Nimechunguza kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kwenye fizikia: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache. Kompyuta kwa waya: video inakimbia bila kukwama. Kompyuta ileile, meza ileile, bila waya: kiduara kinazunguka mpaka mtazamaji anapata kizunguzungu. Hitimisho: intaneti inaingia nyumbani imeshiba, inakondea hewani. Kuna mtu anaila njiani!

Na anayepakana na ukuta wangu ni Asteria, Mama Wema, mwanamke anayejua bei ya kila sofa yangu. Juzi alikuwa uani anacheka peke yake na simu. Mtu anachekaje hivyo bila intaneti ya mwenzake?

Nimebadilisha nywila. Nikasimama dirishani kusubiri kilio. Kilio kikatoka chumba cha pili, kwa Violeth, aliyekuwa anaongea na mchumba wake Luka. Asteria akaendelea kucheka uani. Jioni amekuja kuomba chumvi, nikamtega: mtandao kwako vipi siku hizi, Mama Wema? Akasema yeye hununua bando lake, waifai yangu hata jina lake halijui. Mjanja sana huyu.

Jumatano, 18 Juni
Jua kali tangu asubuhi.

Leo nimehamisha ruta. Yaani nimehamisha tranka. Kwanza kwenye stuli, kisha juu ya friji, mwisho juu ya kabati la vyombo. Kwa kabati nilihitaji mtu wa kunyanyua upande wa pili, na aliyekuwa karibu ni mtuhumiwa. Asteria akauliza kwa nini kitu chepesi kama daftari kinakaa ndani ya kitu kizito kama jeneza. Akanishauri angalau nifungue mfuniko. Ili iweje? Ili ajue ruta imelala upande gani! Nikamwambia wabeja mayu, nimeshukuru, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Juu ya kabati kasi ni ileile. Vikombe vya harusi yangu havikustahimili uzito. Mume wangu, Baba Hosiana, akirudi kutoka zamu yake mgodini Bulyanhulu nitamwambia ni tetemeko.

Alhamisi, 19 Juni
Upepo tena.

Ushindi! Nimeegemeza sinia kubwa la pilau nyuma ya runinga ili likinge mawimbi yasipotee. Wakati huohuo nilikuwa nimefungua tranka kufuta vumbi lililoingia kwenye tundu. Nikampigia baba. Loo! Baba amekuja mzima, mpaka nywele za puani. Tumeongea kama tumekaa jamvi moja. Akalalamika kwamba uji wa William hauna sukari. Maneno matamu kuliko sukari yenyewe.

Nikamaliza kufuta, nikafunga tranka, nikampigia tena nimwonyeshe Violeth. Baba akaganda. Sinia lilikuwa limeteleza kidogo, nimeliona kwa macho yangu. Nimeshinda mchana kutwa natafuta mwinamo wake wa awali. Violeth akasema, dada, ni tranka. Nikamwambia tranka halijasogea, kilichosogea ni sinia. Sayansi haina upendeleo.

Ijumaa, 20 Juni
Baridi. Moshi wa jiko la jirani umeingia mpaka kwenye mapazia mapya.

Violeth amerudi sokoni na waya mrefu, kanunua kwa fedha yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limenitisha. Alisema mjomba wa Luka, Mzee Felician wa Ushirombo, tangu mwanzo hakutaka binti wa mjini. Amekubali kuja mara hii moja. Akidharauliwa kesho, ataondoka, na Luka hatathubutu kwenda kinyume naye. Akasema: Dada, wewe una mume. Mimi naomba wangu.

Nikamwonea huruma, kweli. Nikamhakikishia kwamba sinia sasa nimelifunga kwa kamba. Waya wake nimeuficha nyuma ya sofa, usituaibishe.

Jumamosi, 21 Juni
Anga safi, kama limepigwa deki.

Nitaandika kwa mpangilio.

Wageni wamefika. Mzee Felician, mrefu, kofia mkononi. Luka, shati linang'aa, jasho pia. Upande wetu msemaji ni Baba mdogo Makoye. Mimi, kwa kuwa wanawake hatusemi kwenye kikao, nimekaa nyuma ya pazia la jikoni. Baba akatokea kwenye runinga, akasalimu, akaitikiwa. Wageni wakanong'onezana kwa mshangao. Nilitamani William aone nyuso zao.

Mzee Felician akatandika vijiti kumi jamvini, kila kijiti ng'ombe mmoja. Na hapo baba akaganda.

Lakini aliganda vizuri! Mdomo umefumbwa. Nyusi moja juu. Macho moja kwa moja kwenye paji la uso la Mzee Felician. Kwa desturi yetu mzee wa binti habishani. Akiridhika anashukuru, asiporidhika ananyamaza, na wageni wanaongeza. Baba mdogo akautazama ule uso, akakohoa, akasema kaka amesikia.

Mzee Felician akaongeza kijiti. Nyusi haikushuka. Akaongeza kingine.

Mimi nilijua mara moja. Baba hawezi kunyamaza hata kanisani. Nikafungua mdomo niseme. Kikaongezwa kijiti. Nikafunga mdomo.

Vijiti vikaisha, Mzee Felician akaanza kuvivunja vipande ili viendelee kutosha. Akajaribu utani: mzee huyu ni mwamba wa mgodini, baruti tu ndiyo itamtikisa. Hakuna aliyecheka, mwamba wenyewe kwanza. Luka alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa hesabu yangu walikuwa wameshamaliza zizi lao na kuingia la jirani.

Ndipo Mzee Felician akasimama, akavaa kofia. Akasema kwao Ushirombo wana ng'ombe, hawana machimbo ya ng'ombe. Kama mzee hataki kuoza binti yake angesema kwa kinywa, si kuwadhalilisha watu wazima kwa macho. Akamwambia Luka: twende, mwanangu.

Na Violeth akatoka! Binti mwenyewe, kabla hajaitwa, bila hata kilemba! Akavuta waya nyuma ya sofa, akaburuta juu ya jamvi, katikati ya miguu ya wakwe. Akasimama chini ya kabati, akanyoosha mkono kuelekea pazia. "Ufunguo, dada." Kila mtu akalitazama pazia. Nikautoa kifuani. Nifanyeje?

Akafungua tranka, akachomeka huku, akachomeka kule. Baba akarudi na sauti yote, amekasirika.

"... nimesema kumi wanatosha! Wabeja, wabeja sana, nimeshukuru mpaka koo limekauka! Mbona mnanitazama tu kama mnatazama maiti?"

Mzee Felician akavua kofia polepole, akakaa. Baba akasogeza uso kwenye simu, akauliza zile kuni jamvini ni za nini. Baba mdogo akaeleza, kwa shida. Baba akacheka mpaka mguu ukamuuma, akasema wazirudishe zote zaidi ya kumi, yeye anaoza binti, hafungui mnada. Mzee Felician naye akacheka, cheko la mtu aliyerudishiwa zizi. Luka alikuwa analia. Violeth pia. Nyuma ya baba nikamsikia William akicheka kuliko wote. Waya ule ulileta kila kitu.

Jumapili, 22 Juni
Asubuhi tulivu, kengele za misa zinasikika mbali.

Violeth hasemi nami. Kanisani amekaa benchi la mbele na Luka, wanashikana mikono chini ya kitabu cha nyimbo. Harusi baada ya mavuno ya pamba. Baba amepiga kunipongeza kwa chakula ambacho hakukila.

Baada ya misa nimekaa kutathmini kwa utaratibu. Bila waya: ng'ombe wanaongezeka. Kwa waya: wanarudi kumi. Kitu kimoja tu kimebadilika. Hitimisho halikwepeki: waya unapunguza ng'ombe. Kosa langu lilikuwa moja, kutomjulisha Violeth mpango, ambao hata mimi sikuwa nao.

Jioni Asteria amekuja, safari hii bila bakuli la chumvi. Binti yake Wema atatolewa mahari mwezi wa tisa, na babu yake yuko Shinyanga, hawezi safari. Anaomba kikao kifanyikie kwangu. Ila anasihi waya uwekwe tangu mwanzo, amesikia yaliyonipata. Maskini. Watu hawana elimu ya vipimo.

Nimemwambia aniachie mimi kila kitu. Hatuhitaji waya, na tukifikiri sana, hatuhitaji hata intaneti. Nimemwomba picha moja tu ya yule babu, kubwa, iliyopigwa siku aliyokasirika.

Ameleta bahasha nzima. Nimezipanga kitandani kwa ukali wa nyusi. Iliyoshinda alipigwa kwenye msiba wa ng'ombe wake mwenyewe.

Nimezima taa saa saba na robo usiku.